Mlisho Hauna Dalali

Faili la RSS, yaani mlisho wa tovuti, ni maandishi matupu. Ukilifungua utakuta jina la tovuti, kisha orodha ya makala: kichwa, kiungo, muhtasari, tarehe. Basi. Ufundi wake uko hapo, katika kujua pa kuishia.

Lilizaliwa katika kampuni ya Netscape, Marekani, mwaka 1999. Waliolichonga baadaye ni wengi, tena waligombana sana. Aaron Swartz alikuwa na umri wa miaka 14 aliposhiriki kuandika toleo la 1.0 mwaka 2000. Mwaka huohuo Dave Winer, akifuata njia yake, aliongeza sehemu ndogo ya kubebea sauti. Sehemu hiyo ndiyo iliyozaa podikasti. Hadi leo vipindi vingi vinavyosikilizwa Mombasa au Muscat huingia kwenye simu kwa njia hiyo, hata kama msikilizaji hajapata kusikia jina la RSS.

Google walipofunga Google Reader, tarehe 1 Julai 2013, wengi waliuomboleza mlisho. Kumbe iliyokufa ni programu ya kusomea tu. Mlisho hauna mmiliki wa kuufunga. Wasomaji walibeba orodha zao wakahamia Feedly na kwingineko.

Kwenye mitandao ya kijamii, kati yako na mwandishi uliyemchagua mwenyewe amekaa dalali. Ndiye anayeamua leo uone nini, naye hupenda kinachowasha watu hasira. Aliyechunguza jambo kwa mwezi mzima na kuliandika kwa utulivu anaweza kupita usimwone. Programu ya milisho huzungukia tovuti ulizoorodhesha na kuuliza kama kuna jipya. Likiwapo, inakuletea. Lisipokuwapo, inanyamaza. Haihitaji kujua umri wako wala unakoishi. Na kwa kuwa ni maandishi, hula bando kidogo tu.

Ukishasoma yaliyopo, yamekwisha. Ni vitu vichache kwenye simu vinavyokubali kwisha, nami nauheshimu mlisho kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Wenye tovuti za Kiswahili, msiuzime mlisho wenu. WordPress huutengeneza yenyewe bila gharama. Nawe msomaji, chukua anwani ya tovuti uipendayo iliyojengwa kwa WordPress, ongeza mkwaju na neno «feed» mwishoni, kisha uiweke kwenye programu ya kusomea milisho. Makala ijayo itakufikia bila kumwomba mtu ruhusa.