Kulipima Gari Lililojengwa Nyumbani kwenye Robo Maili

Gari lililojengwa nyumbani huhukumiwa mapema mno, tena kwa sikio. Watu husikia injini ikinguruma, huona rangi inavyong'aa, wakasifu. Mimi husubiri mpaka lipelekwe kwenye mbio zake za kwanza za dragi, kwa sababu robo maili, yaani mita 402 za njia iliyonyooka, hufichua kazi ya fundi zaidi kuliko mwaka mzima wa kuzunguka mtaani.

Hukumu yangu huanza kabla gari halijakimbia, kwenye ukaguzi wa usalama. Huko Marekani, ambako Wally Parks alianzisha chama cha mbio za dragi cha NHRA mwaka 1951 ili kuwatoa vijana kwenye mashindano ya barabarani, mkaguzi hulipitia gari kwanza. Fundi wa kweli huonekana hapo. Betri yake imefungwa kwa chuma na bolti, si kwa kamba ya mpira. Na ikiwa ameihamishia kwenye buti, ameweka swichi ya kukatia umeme nyuma ya gari, mahali ambapo mtu aliye nje anaifikia. Pedali ya mafuta ikiachiwa inarudi yenyewe bila kusita. Maji ya rejeta yakifurika yana chombo cha kuyapokea. Tazama pia chini ya injini: oili inayodondoka ni kosa nisilolisamehe, kwani tone lako linaweza kumtelezesha mwenzako anayekuja nyuma kwa kasi kubwa.

Kwenye mstari wa kuanzia, mgeni mwenye tairi za kawaida hukosea kwa kupita kwenye maji yaliyomwagwa kwa ajili ya tairi laini za mashindano. Maji hukaa kwenye mifereji ya tairi, yakaja kudondoka pale pale gari linapohitaji kushika lami. Azunguke pembeni. Kisha asogee taratibu hadi taa ndogo za juu za mti wa Krismasi, mlingoti wa taa unaotumika tangu 1963, zimwonyeshe kwamba amefika mahali pake. Akichelewa taa ya kijani ikiwaka, muda wa gari hauharibiki, maana saa huanza kuhesabu magurudumu ya mbele yanapoondoka kwenye mwali wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuanzia. Kuchelewa huko ni kwa dereva, nako huandikwa peke yake.

Sasa ije karatasi ya muda anayopewa dereva baada ya mbio. Wengi hukimbilia tarakimu ya mwisho. Mimi nasoma kwanza muda wa futi 60, yaani mita 18 za mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo tairi, springi, klachi na difu hutoa ushahidi wao. Kasi ya mwisho wa njia husema habari za nguvu ya injini. Muda husema kama nguvu hiyo imefika chini. Gari linalomaliza kwa maili 110 kwa saa lakini likatumia sekunde 14 lina injini nzuri iliyofungwa kwenye gari ambalo bado halijakamilika. Kuliongezea gari hilo nguvu zaidi ni kumpotezea mwenyewe fedha. Ashughulikie tairi na springi za nyuma.

Kipimo cha juu kuliko vyote kwangu ni kurudia. Gari lenye sekunde 13.42, 13.45 na 13.40 nalithamini kuliko lile lenye 12.9, kisha 13.8, kisha 13.3. La pili lina kitu kinacholegea, kinachochemka au kinachoteleza, na mwenyewe hajakijua. Ndiyo maana katika mbio ambazo dereva hutangaza muda wake mapema na kuuandika kwenye kioo, gari la kiasi lenye tabia moja huyashinda magari yenye nguvu mara mbili yake.

Kwa hiyo, ukienda mara ya kwanza, usibadilishe chochote katika mbio tatu za mwanzo, hata upepo wa tairi. Andika halijoto na saa nyuma ya kila karatasi, na usitupe hata moja.