Singeli: Mdomo Huku, Mdundo Kule

Tangu amapiano iingie Dar es Salaam kwa mwendo wake wa taratibu, hawakosekani wanaosema singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya jiji hilo, imekwisha. Hoja yao ina mashiko kiasi. Mwaka 2021, Diamond Platnumz alipotoa "Iyo", alishirikiana na Waafrika Kusini, akina Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi. Vijana wa Mburahati, mtaa wa singeli, hawakuguswa. Amapiano hutembea kwenye mapigo 110 hivi kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuucheza huku kashika glasi. Singeli huanzia 200 na hufika hata 300. Hapo glasi haishikiki.

Lakini imekwisha wapi? Muziki huu haukuzaliwa klabu, wala haukuwahi kuwa na makazi huko. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, ambao wengine waliuita mnanda: ngoma za Kizaramo, kinanda kidogo cha Casio, na sauti iliyopitishwa kwenye vipaza sauti chakavu mpaka ikakwaruza. Jagwa Music, kundi la Mwananyamala lililoanza mwaka 1992, lilishikilia mtindo huo hata likatoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kupitia lebo ya Ubelgiji. Wadogo zao wa Manzese, Tandale na Mbagala hawakuwa na kundi wala vyombo. Walikuwa na kompyuta na nyimbo za taarabu ya kisasa. Wakakata vile vipande visivyo na maneno, wakavizungusha, wakavikimbiza, na MC akashika maiki.

Anayesikia singeli kwa mara ya kwanza hudhani ni fujo. Akikaa kando ya prodyuza kwa saa moja atabadili mawazo. Kazi huanza kwa kuchagua: sekunde mbili tatu za kinanda au gitaa ambazo zikirudiwa mara mia hazitachosha sikio. Kipande hicho kikiongezwa mwendo, sauti nayo hupanda, mpaka kinanda cha harusini kinalia kama kifaranga. Halafu ngoma zinapangwa chini yake, kwa kawaida kwenye programu ya FL Studio, na hapo ndipo ustadi unapopimwa. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo moja lina robo sekunde tu. Ngoma yenye mwangwi mrefu italifunika pigo linalofuata, na wimbo mzima utageuka uji. Kwa hiyo kila mlio hukatwa ukabaki mkavu, mfupi kama kokoto juu ya bati. Fundi mzuri wa singeli anajulikana kwa alivyoviacha nje. Wanaoiga kutoka mbali hukosea hapo hapo: wanasikia wingi, nao wanaongeza wingi.

Kisha anakuja MC, na lugha yenyewe inamsaidia. Mwenye kughani silabi mbili kwa kila pigo anatoa silabi nane kwa sekunde. Kwa Kiswahili hilo linawezekana bila kujing'ata ulimi, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na hata ile m ya "mtoto" inadai nafasi yake kamili: m-to-to, silabi tatu. Lugha yenye konsonanti zilizobanana ingekwama kwenye mstari wa kwanza. Washairi wa mwambao waliohesabu mizani kwa vidole kwa karne nyingi wangekielewa kibarua hiki, ingawa huenda wangeziba masikio.

Mwaka 2016 singeli ilitoka uchochoroni. Man Fongo aliiteka nchi na "Hainaga Ushemeji", wimbo ulioipandisha redioni ile "-ga" ya mtaani ambayo walimu wa Kiswahili wamekuwa wakiipiga wino mwekundu bila mafanikio. EFM ya Dar es Salaam iliupa muziki huu muda wa hewani pale ambapo wengine waliuona wa wahuni. Msaga Sumu aliitwa mfalme, Dulla Makabila akajipatia jina, na Professor Jay, mkongwe wa bongo fleva, akamwita Sholo Mwamba kwenye "Kazi Kazi". Redio ilipenda maneno. Ilipenda pia wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio cha kuimbika, na kidogo kidogo mwendo ukashushwa ili msikilizaji wa kwenye daladala apate kufuata.

Mdundo nao ukapanda ndege. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso huko Mburahati. Mwaka uliofuata zikaja Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na mwaka 2019 Duke wa Pamoja Records akatoa albamu aliyoiita Uingizaji Hewa, jina la kuchekesha kwa muziki usiompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Majukwaa ya Ulaya yaliupokea kwa mshangao. Huko, hata hivyo, maneno ya Kiswahili hayaeleweki, na kilichobaki kusifiwa ni kasi. Poaa kwa sehemu kubwa ni mdundo mtupu. Mr Mixondo ya DJ Travella, iliyotoka mwaka 2022, vivyo hivyo. Ni kazi za kupendeza, tena za Travella zina utundu ambao wakongwe hawakuuwazia, lakini ni nusu ya jambo.

Ndiyo maana anayepima uhai wa singeli kwa chati za redio atasema imepoa, na anayeupima kwa matamasha ya ng'ambo atasema imeiva. Kila mmoja ameshika upande wake. Mdomo umebaki huku, mdundo uko kule.

Pande hizo mbili hukutana bado kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya kukesha, ambayo mamlaka zimeipiga marufuku mara kadhaa na ambayo haina habari na marufuku. Hapo biti haina dakika tatu. MC anamtaja mwenye shughuli, anamtania shemeji, anamsifu aliyekuja kutunza, anamrushia kijembe aliyekunja noti mfukoni. Prodyuza anamsoma: akiona pumzi inaisha anaondoa ngoma kwa nukta chache, kisha anazirudisha kwa kishindo na mtaa mzima unaruka. Ushirikiano huo hauandikwi kwenye jalada la albamu. Matusi yapo, na wazazi wanaolalamika wana haki yao. Ila wanaousikia muziki huu kwa matusi tu wamekosa kumsikia fundi.

Sisso mwenyewe na mwenzake Maiko walitoa albamu ya Singeli Ya Maajabu mwaka 2024, miaka saba baada ya ule mkusanyiko wa kwanza, na hakuna dalili ya kuchoka ndani yake. Nguvu ipo. Kilichopungua ni kukaa pamoja kwa mwenye mdomo na mwenye mdundo, na hilo linarekebishika kwa kuwalipa wote wawili kwenye jukwaa moja, nyumbani na nje.

Lipo lingine lisilosubiri. Sehemu kubwa ya singeli ya awali haikupita kwenye lebo yoyote. Ilisambaa kwa CD za kuchoma, memori kadi na flashi za mkononi, pamoja na rekodi za usiku mzima ambamo MC na biti bado wako kitu kimoja. Mwenye flashi ya zamani kabatini asiifute kabla ya kuisikiliza na kuitunzia nakala.