Mwiko wa Nyabarongo

Mwezi uliopita alikuja mtu kuzungumza na vijana wetu hapa Gatsata, kwenye chumba tunachokodi juu ya duka la vipuri. Kazi yake ndiyo hiyo: anaitwa shuleni, harusini na kwenye mikutano kueleza habari za wafalme wa Rwanda, alama zao na sherehe zao. Jina lake siliandiki, maana ninachopima ni hotuba, si mtu. Na niseme mapema kwamba hotuba ilikuwa nzuri. Ndiyo sababu kosa lake limenikaa moyoni.

Alianza na sarafu. Alitoa faranga 100 mfukoni, akampa kijana wa mbele, akamwambia: angalia picha, achana na tarakimu. Ikapita mkono kwa mkono. Tukaona kikapu cha agaseke, mtama, tawi la kahawa, gurudumu lenye meno na ngao mbili pembeni, na kamba imezunguka vyote na kufungwa fundo. Akaeleza kwamba nembo hii ni ya 2001, ni ya jamhuri, haina taji. Lakini ngao na agaseke watu walikuwa navyo majumbani tangu enzi za wafalme. Hapo alinikamata. Sarafu ile tunaishika kila siku, nani aliwahi kuitazama?

Kisha ngoma. Kwa Kinyarwanda, ingoma ni ngoma ya kupigwa na ni utawala pia, neno ni moja. Kalinga, ngoma ya ukoo wa kifalme, ilitundikwa viungo vya wafalme walioshindwa vitani. Hakuficha jambo hilo, na namsifu. Wengi wanaosimulia ufalme wanakupa maziwa na ng'ombe wa inyambo tu, damu wanaifuta.

Halafu abiru, wale walioshika taratibu za ufalme kichwani, kila mmoja na sehemu yake. Taratibu zenyewe ziliitwa ubwiru. Zilikuja kuandikwa karne ya 20, na mwaka 1964, ufalme umeshafutwa, 17 kati yake zikachapishwa kitabuni. Alipofika kwenye majina ya wafalme alienda polepole kama mtu anayehesabu pesa: Mutara na Cyirima wa ng'ombe, Kigeli na Mibambwe wa vita, Yuhi wa moto. Na Yuhi alikuwa na mwiko: asivuke Nyabarongo. Akaonyesha dirishani, kule chini ambako mto Nyabugogo unakwenda kumwaga maji yake Nyabarongo. Chumba kizima kikageuka kutazama.

Baada ya hapo akaanza kukimbia. Yuhi wa 5 Musinga, akasema, Wabelgiji walimwondoa 1931, akapelekwa Kamembe, halafu Moba, akafa 1944. Sentensi moja tu. Binti mmoja, ambaye mama yake ni mtu wa Moba, akanyoosha mkono: "Moba ile ya kwetu?" Msemaji akajibu, "Ndiyo, huko Kongo," akaendelea na Rudahigwa.

Jamani! Hotuba yote ilikuwa inaelekea hapo. Mfalme aliyekatazwa mto mmoja wa nyumbani alifia kando ya Ziwa Tanganyika, nchi ya watu. Sherehe inakuwaje mwenye sherehe akiwa ugenini? Nani anampigia ngoma? Sisi tunaofunga ndoa bila wajomba, mahari ikijadiliwa kwa simu, swali hilo tunaishi nalo.

Kigeli wa 5 Ndahindurwa naye alitajwa kama mfalme wa mwisho, basi. Lakini mtu huyo alikuwa mkimbizi kama sisi. Ufalme ulipofutwa 1961 alikuwa nje ya nchi. Aliishi Tanganyika, Uganda na Kenya, na kuanzia 1992 Marekani, mwisho Virginia. Huko, bila kilima hata kimoja cha kutawala, aliendelea kuwapa watu nishani na vyeo vya kifalme, na wapo waliomcheka. Alifariki Oktoba 2016, akazikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017. Je, nishani zile zilikuwa mchezo, au zilikuwa njia ya kuushika ufalme usipotee? Mimi naona zilikuwa vyote viwili. Nilitaka msemaji aliyeweza kuisoma sarafu vile atusomee na nishani hizo.

Mwenzangu wa kazini aliniambia namdai mtu kitu ambacho hakuahidi: aliitwa aeleze mila, si ukimbizi. Nimeliwaza hilo. Lakini ni yeye aliyetufundisha kwamba mila ile ilikaa vichwani mwa watu. Kitu kilichomo kichwani kinapimwa siku mwenye kichwa anapofukuzwa kwake. Kwa hiyo Moba ilikuwa ndani ya mada.

Ninyi wa mashirika mnaotualikia wasemaji, mwambieni mgeni kabla hajaja ni akina nani watakaokaa kwenye viti. Hatuombi atupunguzie historia wala atuonee huruma. Tunaomba asikimbie akifika kwetu.

Jumamosi iliyofuata binti yule alirudi na swali la mama yake: Musinga alizikwa wapi huko Moba? Nimemtumia msemaji swali hilo. Akija tena, aanzie hapo.