Nyigu na Tembo: Uhakiki wa Hadithi ya Mnyonge katika Soka

Kila mashindano ya soka ya mataifa yanapokaribia, kuna hadithi inayotangulia uwanjani kabla ya wachezaji. Ni hadithi ya mnyonge na kigogo. Watangazaji huisimulia, magazeti huipamba, na mashabiki huimalizia vijiweni. Muundo wake tunaujua tangu utotoni, kwa kuwa ni ule ule wa ngano za Sungura, aliye mdogo wa umbo lakini humtoa jasho Simba. Makala hii inaichukua hadithi hiyo kama utungo wa fasihi simulizi na kuuliza: je, inaitukuza timu ndogo, au inaipokonya kile ilichokitolea jasho? Mfano wetu ni CHAN ya mwaka 2016, iliyoandaliwa na Rwanda, ambapo Uwanja wa Umuganda hapa Rubavu ulikuwa mmoja wa viwanja vinne vilivyotumika.

Tuanze na wahusika. Timu ya Rwanda huitwa Amavubi, yaani nyigu. Tarehe 16 Januari 2016, katika mechi ya ufunguzi jijini Kigali, iliifunga Côte d'Ivoire, ambayo jina lake la utani ni Tembo, bao 1-0. Mtambaji gani angeiacha ngano kama hiyo, ya nyigu kumuuma tembo? Majina yenyewe yamekwisha kuigawa dunia katika vidogo na vikubwa, na kilichobaki ni kutia chumvi. Chumvi iliyo karibu kabisa ni kusema kwamba Rwanda ilimwangusha bingwa wa Afrika, kwa kuwa Côte d'Ivoire ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015.

Hapo ndipo uhakiki unapohitajika. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu. Yaya Touré na wenzake waliokuwa wakicheza Ulaya hawakuruhusiwa kushiriki. Kwa hiyo tembo aliyeumwa Kigali alibeba jina la tembo wa mwaka uliotangulia bila kuwa na mwili wake. Kusema hivyo hakuipunguzii Rwanda sifa. Kunahamisha tu sifa hiyo kutoka kwenye muujiza na kuiweka kwenye kazi. Bao lilitokana na mpira wa adhabu uliopigwa na beki Emery Bayisenge. Mpira wa adhabu unaolenga wavu ni ufundi unaopatikana kwa mazoezi, na ngano haina nafasi ya mazoezi. Sungura huzaliwa mjanja, hajifunzi ujanja.

Methali zetu nazo zinaitumikia hadithi hii. "Dau la mnyonge haliendi joshi" husemwa kabla ya mechi, na "Mdharau mwiba mguu huota tende" husemwa baada yake. Zinaonekana kupingana, lakini zikichunguzwa zinakubaliana katika jambo moja: zote mbili hazisemi lolote kuhusu kazi ya mdogo. Ya kwanza inamhukumu kabla hajashika kasia. Ya pili inaueleza ushindi wake kwa kosa la mkubwa aliyedharau. Kwa mantiki hiyo, mnyonge akishindwa ni kwa sababu yeye ni mnyonge, na akishinda ni kwa sababu mwenzake alizembea. Hakuna mlango wowote unaomruhusu ashinde kwa kuwa amecheza vizuri zaidi.

Udhaifu wa pili ni kwamba hadithi hii huchagua matukio. Rwanda iliifunga pia Gabon 2-1, kisha, ikiwa tayari imefuzu, ikafungwa na Morocco 4-1. Ngano hukoma kwenye ushindi, ilhali mashindano huendelea. Hapa Rubavu, Uganda, ambayo wakati huo haikuwa imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1978, ilitoka sare ya 2-2 na Mali. Mali ilisonga mbele hadi fainali, na Uganda ikaaga mashindano katika hatua ya makundi. Sare ile ilistahili kuchambuliwa, lakini hadithi ya mnyonge haina msamiati wa sare. Inajua kuanguka kwa jitu au kilio cha mdogo, basi.

Udhaifu wa tatu unauhusu mji kama wetu zaidi. Tarehe 30 Januari 2016, Rwanda ilikutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika robo fainali. Nani alikuwa mnyonge? Ukitazama ramani na historia ya soka, ni Rwanda, kwa kuwa Kongo ilikuwa imelitwaa kombe la kwanza la CHAN mwaka 2009. Ukitazama siku zile, Rwanda ilikuwa mwenyeji na kinara wa kundi lake, na Kongo ilikuwa ya pili katika kundi lake. Kongo ilishinda 2-1 katika muda wa nyongeza, na baadaye ikaifunga Mali 3-0 na kuwa bingwa. Kila upande ungeweza kujisimulia kuwa ndio mdogo aliyeonewa. Mahali ambapo Goma iko hatua chache tu, na watu wa pande mbili huuziana na kununuliana kwa Kiswahili, sitiari ya mdogo na jitu haibaki uwanjani. Huvuka mpaka bila kitambulisho, na anayejiona mnyonge daima hupata ugumu kukiri kwamba mwenzake amemshinda kwa haki.

Kuna atakayesema kwamba soka ni burudani, na hadithi hii huwapa watu matumaini. Ni kweli, lakini matumaini hayo ni ya muda mfupi. Mwezi Agosti 2025, Kenya, iliyokuwa ikishiriki CHAN kwa mara ya kwanza, iliifunga Morocco 1-0 na kusifiwa kama mdogo shujaa. Siku 12 baadaye ilitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, na sasa mdogo shujaa akawa Madagascar. Unyonge, basi, ni vazi ambalo msimulizi huwavika wachezaji kulingana na anayecheza nao.

Kwa hiyo sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao baadhi yetu tutakuwa watangazaji na waandishi, tuna kazi ya kufanya. Mtangazaji akisema "vibonde wamewashangaza vigogo", tumuulize aliyeshangaa ni nani. Wachezaji waliofanya mazoezi ya pigo lile mara mia hawakushangaa.