Kiini cha Siku Kumi

Mikumi, wilayani Kilosa, basi la kwenda Iringa likisimama, abiria wenye njaa hukimbilia chipsi mayai. Mpishi anapovunja yai kwenye bakuli, macho ya mteja hutua kwenye kiini kabla ya kitu kingine chochote. Kikiwa na rangi ya chungwa, watu husema hilo ni la kienyeji. Kikiwa kimepauka, husema ni la kisasa, na wapo wanaoongeza kwamba halina kitu. Kwa hukumu hiyo hiyo yai dogo la kienyeji huuzwa bei ya juu kuliko kubwa la kisasa.

Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila imechanganya mambo mawili ambayo mfugaji wa Kilosa angefaidika akiyatenganisha. Ili kuyatenganisha, inabidi tufuate safari ya chakula kutoka uani hadi ndani ya ganda.

Tetea anayetaga ana vijiyai vingi tumboni, vya ukubwa tofauti. Kijiyai hukaa bila kukua sana kwa muda mrefu, kisha katika siku 10 hivi za mwisho hujazwa kwa kasi. Ini la kuku ndilo linalotengeneza mafuta na protini za kiini kutokana na kile alichokula, damu inavibeba, na kila siku tabaka jipya linaongezwa juu ya la jana. Watafiti walilithibitisha hilo kwa kuwalisha kuku rangi inayoyeyuka kwenye mafuta kwa siku chache, wakaruka siku, wakarudia. Mayai yalipochemshwa na kukatwa, pete za rangi zilionekana ndani ya kiini, moja nje ya nyingine, mfano wa pete za shina la mti. Kiini kikishaiva hutoka, ute hukizunguka kwa saa 3 hivi, na ganda huchukua saa 20 hivi kukamilika. Kwa hiyo yai la leo linabeba habari za siku 10 zilizopita. Anayempa kuku mchicha Jumatatu akalivunja yai la Jumatano na kusema mchicha haufai, hakumpa kuku nafasi.

Ute una tabia nyingine. Huo ni maji na protini, na protini hiyo haiyumbi sana chakula kinapobadilika. Tetea mwenye njaa hupunguza idadi ya mayai, au huyatoa madogo, kuliko kutoa yai lenye protini hafifu. Yai kwanza ni akiba ya kifaranga atakayekaa ndani siku 21 bila kupokea chochote cha kula kutoka nje, na mwili wa kuku unailinda akiba hiyo. Madini ya chuma nayo hubadilika kidogo tu, sawa na lehemu. Vinavyofuata chakula ni aina za mafuta ndani ya kiini, vitamini A, D na E, vitamini kadhaa za kundi B, madini ya iodini na seleni, na rangi.

Tuitazame rangi, maana ndiyo inayoamua bei. Rangi ya kiini hutokana hasa na luteini na zeaksanthini, rangi za asili zilizomo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Mahindi yetu ni meupe. Waliokula unga wa njano wa msaada miaka ya shida, ule uliobatizwa jina la Yanga, wengi hawautamani tena, na mashamba ya Kilosa yamebaki na mahindi meupe. Pumba za mahindi meupe hazina rangi ya kumpa kuku. Mfungie tetea wa kienyeji bandani, mpe pumba peke yake, na kiini chake kitapauka sawasawa na cha kuku yeyote wa kisasa. Mfungulie kuku wa kisasa kwenye majani, kiini chake kitaiva rangi. Ukoo wa kuku huamua rangi ya ganda. Rangi ya kiini huamuliwa na kinachopita mdomoni.

Hapa ndipo mchanganyiko unapotokea: luteini haigeuki kuwa vitamini A. Ni nzuri kwa macho kwa njia yake yenyewe, lakini vitamini A ya kiini hutoka kwenye rangi nyingine ya majani, betakarotini, ambayo kuku huigeuza mwilini, au hutoka kwenye mchanganyiko wa vitamini unaotiwa katika chakula cha dukani. Yai lililopauka la kuku aliyelishwa chakula kamili cha kutagia linaweza kuwa na vitamini A ya kutosha kabisa. Na viwanda vya chakula vinajua kutia dondoo la maua ya marigold ili kiini kiwake, bila kuku kukanyaga jani hata moja. Kwa kuku anayezurura uani Kilosa, kiini cha chungwa ni ushahidi mzuri kwamba amekula majani, na majani huja na mambo mengine mema. Kwa kuku wa banda la kibiashara, rangi hiyo haithibitishi chochote.

Mambo hayo mengine mema yamepimwa. Mwaka 1989 Artemis Simopoulos na Norman Salem walichapisha barua katika jarida la tiba la New England wakilinganisha mayai ya kuku waliokuwa wakizurura Ugiriki na mayai ya dukani Marekani. Walitazama uwiano wa mafuta ya omega-6 kwa omega-3. Katika yai la Kigiriki ulikuwa 1.3 kwa 1, katika yai la dukani ulikaribia 20 kwa 1. Kuku wa Ugiriki walikula nyasi, wadudu, na gugu nene linalotambaa chini, lenye shina jekundu. Gugu hilo tunalo. Ndilo tako la hasani, ambalo mkulima huling'oa katikati ya mahindi na kulitupa njiani. Lina mafuta ya omega-3 kwa wingi usio wa kawaida kwa jani la nchi kavu, na kuku huyachukua mafuta hayo mafupi na kuyarefusha mwilini mpaka yawe DHA, ile ambayo ubongo wa mtoto huihitaji na ambayo watu wa pwani huipata kwenye samaki.

Barua ile ilikuwa na udhaifu: kuku walikuwa wa nchi mbili, ukoo tofauti, chakula tofauti. Heather Karsten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliuziba udhaifu huo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010. Walichukua kuku wa ukoo mmoja, wengine wakawaacha kwenye vizimba na chakula cha kawaida, wengine wakawahamisha malishoni juu ya lusani, klova na nyasi mchanganyiko. Mayai ya malishoni yalikuwa na vitamini E mara mbili na omega-3 mara mbili na nusu. Vitamini A ilikuwa juu kwa asilimia 38 kwa kipimo cha uzito, lakini ilipohesabiwa kwa yai zima tofauti haikuonekana. Naupenda utafiti huu kwa sababu waandishi wake hawakuificha sehemu hiyo ya mwisho.

Utafiti wa tatu ni wa Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, mwaka 2014. Wao walichunguza jua. Kiini cha kuku waliotolewa nje kilikuwa na mikrogramu 14.3 za vitamini D3 katika kila gramu 100 za kiini kikavu. Cha waliofungiwa kilikuwa na 3.8. Mwanga humfikia kuku kwenye ngozi isiyo na manyoya, kichwani na miguuni. Kwa Mjerumani wa majira ya baridi hiyo ni habari kubwa. Kwa mtoto wa Kilosa anayecheza uani mchana kutwa si kubwa, kwa sababu ngozi yake mwenyewe inaifanya kazi hiyo bure. Mtoto wa Kilosa anahitaji zaidi DHA, kolini, vitamini A, B12 na protini bora, na kwa hivyo majani na wadudu wanapaswa kutushughulisha kuliko jua.

Sasa turudi uani kwetu. Mwaka 2002 N. A. Mwalusanya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walichapisha matokeo ya kazi ambayo ingefaa ijulikane zaidi. Walichukua kuku wanaozurura vijijini katika maeneo ya hali ya hewa tofauti, wakawachinja, wakafungua kile kifuko kilicho chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kwenda kwenye firigisi, kisha wakakipima kilichomo. Ni njia iliyo wazi kabisa: badala ya kumuuliza mfugaji anawapa nini kuku wake, walimwangalia kuku amekula nini. Walikuta nafaka, pumba, majani, mbegu, wadudu, mabaki ya jikoni, na kiasi cha kila kimoja kilibadilika kwa msimu na mahali. Hitimisho lao halikuwa la kumsifu kuku huria: virutubisho kwenye kifuko vilikuwa chini ya mahitaji ya kuku anayetaga. Yai lake lilikuwa la gramu 44 hivi, na kila awamu alitaga mayai yapatayo 12.

Ukiweka matokeo haya kando ya yale ya Pennsylvania, picha inanyooka. Kuku wa kijijini hutaga mayai mazuri machache. Majani na wadudu vinampa kiini kizuri. Upungufu wa protini, nishati na chokaa unampunguzia idadi na ukubwa. Anayemfungia kabisa ili atage zaidi, akamlisha pumba tupu, anapoteza uzuri bila kupata wingi.

Kalenda ya Kilosa nayo inavuta upande huu na ule. Mvua zinapoanza, kumbikumbi hutoka na kuku hushiba protini na B12 ambayo haimo kwenye majani wala pumba. Lakini huo ndio msimu wa kupanda, na kuku hufungiwa wasifukue mbegu, la sivyo ugomvi na jirani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani ni tele huku nafaka ndani ya nyumba ikipungua. Baada ya mavuno kuku hujaa mahindi yaliyodondoka, ufuta, alizeti, na hapo hutaga vizuri, ila majani yanakauka na kiini kinapauka. Kiangazi kikikaza, kinachobaki kibichi ni kando ya mito, kwenye mipapai, mlonge, na bustani za mboga zinazomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Miradi ya lishe iliyofanyika wilayani, kama Trans-SEC ya SUA na taasisi ya ZALF ya Ujerumani huko Ilakala na Changarawe kati ya 2013 na 2018, ilifundisha bustani za namna hiyo kwa ajili ya sahani ya familia. Majani ya nje, magumu, yasiyofika chunguni, ni ya kuku.

Ningemshauri mfugaji hivi, kwa uzito wote. Kuku anapofungiwa kwa ajili ya mbegu, majani yaende kwake: fungu la mchicha, kisamvu kilichonyaushwa, tako la hasani, linaning'inizwa kwa kamba ili asilikanyage. Jioni apate mashudu ya alizeti kidogo juu ya pumba. Maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa yarudi kwake kama chokaa. Chungu chenye samadi mbichi na majani makavu kikifunikwa juu ya njia ya mchwa, asubuhi vifaranga wana karamu.

Kuzurura kuna upande mwingine ambao wapenzi wa kienyeji hawapendi kuusikia. Kuku anayechokoa udongo huuhamishia udongo huo ndani ya yai. Mwaka 2005 mayai yaliyochukuliwa karibu na ghala la viuatilifu vya zamani huko Vikuge, Kibaha, yalipimwa na kukutwa na sumu za jamii ya dioksini. Sumu hizo hukaa kwenye mafuta, na mafuta ya yai yako kwenye kiini, palepale penye omega-3. Uani ambako plastiki huchomwa kila jioni, au pembeni ya ufuta uliotoka kupigiwa dawa, si malisho. Na mahindi yenye kuvu yasitupiwe kuku kwa kuwa binadamu ameyakataa. Sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuku anayelishwa mahindi hayo hudhoofu, na sehemu ya sumu inaweza kupita hadi kwenye yai.

Limebaki swali la nani anakula. Hesabu inauma. Tetea watano, kila mmoja akitaga awamu 3 kwa mwaka, mayai 12 kila awamu, ni mayai 180. Mengi huatamiwa, na mama mwenye nyumba ana sababu: katika takwimu za Mwalusanya, mayai 84 kati ya 100 yaliyoatamiwa yaliangua, na vifaranga 60 tu kati ya 100 walifikisha wiki 10. Kwa mayai 12 anapata kuku 6. Akila mayai, anakula kundi. Vifaranga wengine huchukuliwa na mwewe na baridi, na ugonjwa wa mdondo ukipita hufagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto na kutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi michache, inazuia hilo. Vifaranga wakipona 9 badala ya 6, mayai 8 chini ya tetea yanatosha kuleta kuku wale wale 6, na mayai 4 katika kila 12, yaani 60 kwa mwaka kwa tetea watano, yanaweza kwenda kwenye uji wa mtoto.