Mkono Unaosubiri Pumzi

Proba za mfukoni zinazochomekwa kwenye simu zimeileta altrasaundi ya mapafu hadi mezani kwa daktari wa kliniki ndogo. Ukitaka kujua kama aliyeishika anaijua kazi, skrini iache kwanza, utazame mkono. Ajuaye huegemeza kiganja kifuani, husimamisha proba wima juu ya ngozi, wala haihamishi mpaka mgonjwa avute pumzi na kuitoa. Mwanagenzi huiburuta kama apigaye shati pasi.

Picha njema ina mbavu mbili, kila mmoja na kivuli chake, na kati yazo, yapata nusu sentimita chini, mstari mweupe unaoteleza kwa kila pumzi. Huo ni utando wa pafu. Umbo lote hilo huitwa alama ya popo, mbavu zikiwa mabawa. Mstari ukiwa na ukungu, yanayofuata ni kubahatisha tu.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini hewa inaharibu picha, hivyo pafu halipimiki. Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi huko Ufaransa, aliufanya uharibifu huohuo uwe lugha. Mwongozo wake uitwao BLUE ulichapishwa mwaka 2008. Mistari ya A, iliyolala na kujirudia kwa umbali sawa, husema pana hewa. Mistari ya B hushuka kama miali ya tochi kutoka kwenye utando hadi chini kabisa ya skrini, ikiifuta ile ya A. Mmoja au miwili haitishi. Mitatu katika nafasi moja ya mbavu ina neno. Ikienea sawasawa pande zote mbili, fikiria moyo kwanza. Ikiwa mabaka mabaka, na utando umekwaruzika, na mgonjwa ana homa na kikohozi, nimonia inabisha hodi. (Vichujio vya kuremba picha vizimwe: huila mistari hiyo.)

Utamu wa fundi huonekana pafu linapojaa majimaji likafanana na ini, kingo zake zimechanika, ndani mna vidoa vyeupe vya hewa. Mwenye pupa hutamka nimonia hapohapo. Fundi husubiri pumzi: vidoa vikikimbia, maambukizi yanapata uzito, vikitulia, huenda pafu limesinyaa tu. Tena upande wa kushoto hutafuta kiwambo kwanza, kwa maana bandama iliyo chini yake imewapa wengi nimonia wasiyokuwa nayo.

Mgongoni pasirukwe. Nimonia hupenda kujificha chini nyuma, kwa hiyo mgonjwa aketi, hata kama foleni nje inanung'unika.

Na donge la ndani ya pafu lisilogusa utando halionekani kabisa, hata kwa mkono bora. Ndiyo maana ripoti isemayo “mapafu safi” bila kutaja ni sehemu zipi zilizopimwa, mimi huirudisha kwa aliyeiandika.