Herufi p na matope ya kwetu

Leo niko na ubishi na modeli moja ninayoipenda.

Mwaka 1992, Kai Nagel na Michael Schreckenberg wa Ujerumani waligeuza barabara kuwa mstari wa visanduku ndani ya kompyuta. Kila kisanduku ni mita 7.5: kina gari moja ao ni kitupu. Kila sekunde dereva anafuata sheria nne: ongeza mwendo, punguza usigonge aliye mbele, mara moja moja punguza bila sababu, kisha sogea. Ni hayo tu, na msongamano unazaliwa wenyewe, bila ajali. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walizungusha magari 22 ya kweli kwenye duara la mita 230, nayo yakakwama bila kizuizi chochote. Hapo lazima tuheshimu.

Lakini mimi ni mtoto wa Lubutu, na kwenye sheria ya tatu njo tunaachana. Uwezekano wa kupunguza mwendo bila sababu uko ndani ya herufi moja, p, na p hiyo ni moja kwa barabara nzima. Kwetu, kwenye Barabara ya Taifa namba 3 kati ya Kisangani na Bukavu, dereva anayepunguza ana sababu: shimo, matope, bariyeri. Kosa ni la barabara, modeli inamwandikia dereva. Kiongozi akisoma matokeo hayo atafanya nini? Atamwazibu mwenye lori na kijana wa moto. Barabara ataiacha vile iko.

Tena angalieni hesabu. Visanduku vitano kwa sekunde ni kilomita 135 kwa saa. Kimoja, mwendo mdogo kuliko yote, ni kilomita 27. Lori linalojikokota ndani ya matope halimo kabisa: kwa modeli, limesimama.

Sisemi tuitupe. Programu yake ni mistari michache, hata kompyuta ya zamani inaiweza. Tukate visanduku kuwa vya mita 1.5, gari likamate vitano: mwendo mdogo unashuka hadi kilomita 5.4 kwa saa. Halafu kila kisanduku tukipe p yake. Kuipata p hiyo kunahitaji daftari, saa, na mtu wa kukaa kando ya barabara siku ya jua na siku ya mvua, ahesabu.

Siku mkoa ukiuliza pesa ianzie wapi, tutaonyesha shimo lenyewe. Nyinyi mulio Kindu na Kisangani, nani anabeba daftari?